Kitambaa Juu ya Maji ya Chumvi

Nyumbani kwangu, mtaa wa Wazo, kuna bahari. Ni ndogo, ya kioo, imekaa sebuleni kati ya kabati la vyombo na mlango wa jikoni, na mgeni akiingia kwa mara ya kwanza husahau hata salamu. Sioni haya kujisifu. Wako wanaojisifia viwanja, wako wanaojisifia watoto waliofaulu. Mimi najisifia maji: maji ya chumvi, ndani ya nyumba ya bati, katika joto la Dar es Salaam, na samaki wamo wazima, wanakula na kugombana kila siku.

Tanki nililinunua kwa familia ya wageni waliokuwa wanahama Msasani, wakiuza kila kitu mpaka kamba za kuanikia nguo. Mume wangu alikuja kunisaidia akidhani tunabeba meza. Alipoona kile kioo alisimama, akakizunguka, akaniuliza, "Mama watoto, hili ni friji la samaki ama nini?" Jina likabaki hilo mpaka leo. Na huyohuyo mwenye kejeli ndiye anayebeba madumu ya maji ya bahari kutoka ufukweni, huku akilalamika njia nzima.

Mtaa mzima uliniambia sitafika mbali. Samaki wa baharini, walisema, ukimtoa baharini anakwenda sufuriani, hana safari nyingine. Niliwasikiliza nikitabasamu, na wanaonijua wanajua kwamba nikitabasamu hivyo nimeshakasirika. Mimi ni muuguzi wa zahanati, na miaka mingi nimekaa chumba cha watoto. Mtoto wa homa ya mapafu akiletwa, kabla sijauliza lolote namfunua kifua, natazama anavyopumua. Nikasema moyoni kwamba kama naweza kusoma pumzi ya mtoto anayelia na kurusha miguu, samaki aliyetulia hawezi kunishinda.

Na kweli hawakunishinda. Kila asubuhi kabla ya chai nasimama mbele ya kioo na kutazama mashavu yao yanavyofunguka na kufungika. Yakienda taratibu, nyumba ina amani. Yakienda haraka, kuna jambo, na jambo lenyewe karibu siku zote ni hewa.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, hata wenye matanki makubwa kuliko langu. Wanaona pampu inatoa mapovu, wanadhani samaki anayameza moja moja. Hapana. Hewa inaingilia juu, pale uso wa maji unapokutana na chumba. Kazi kubwa ya mapovu ni kuyakoroga maji, ya chini yapande juu yapate zamu yake. Na maji ya chumvi ni mabahili. Yanabeba hewa kidogo kuliko maji ya bomba, na yakipata joto yanabeba kidogo zaidi. Huku kwetu, bati likiwaka mchana, mwenye tanki la bahari anakaa jirani kabisa na msiba. Mimi nimekaa hapo miaka na sijazika wengi.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanitesa, nacho ni kifuniko. Tanki lilikuja na kifuniko chake cha kioo. Nikikiweka, ikifika alasiri samaki wanahema. Nikakiondoa, nikakiegemeza nyuma ya kochi, wakapumua vizuri, lakini kukaingia mambo mawili. La kwanza ni vumbi, maana kiwanda cha saruji ni jirani yetu na vumbi lake halibishi hodi. La pili, samaki wanaruka. Nilikuwa na mmoja mwembamba wa kijani, nilimpenda sana, nikaja kumkuta chini ya kabati amekauka kama dagaa. Mume wangu akashauri tufunike kwa kipande cha chandarua. Nilimtazama mpaka akaomba radhi, kwa sababu chandarua chetu kimetiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa haijui kwamba samaki si mdudu. Kwa hiyo nikaacha wazi, nikawa naishi na hofu.

Mambo yalikuwa hapo mama yangu alipokuja kutoka Mbinga.

Alikuja kututembelea, ndivyo alivyosema yeye. Mimi nilikuwa na nia nyingine. Baba alishafariki, ndugu zangu wametawanyika, na mama alikuwa anaishi peke yake katika nyumba ile yenye vyumba vingi. Msimu wa mvua alianguka jikoni, akalala pale sakafuni mpaka jirani alipokuja kuomba moto asubuhi. Yeye alisimulia habari hiyo kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nilitaka abaki kwangu, abaki moja kwa moja, na nilimwambia hivyo siku ya kwanza tu.

"Nibaki nifanye nini, mwanangu?" akaniuliza. "Hapa maji yanatoka bombani, gesi inawaka yenyewe, watoto wako wakubwa. Kazi yangu iwe kula na kulala? Mimi sijawahi kuwa mgonjwa wa mtu."

Begi lake la safari aliliweka mguuni pa kitanda, zipu imefungwa, na kila nguo aliyovua aliirudisha humo baada ya kuifua. Kila siku nililiona begi lile na kila siku lilinichoma.

Lakini mikono yake haikuweza kutulia. Mama ni mfumaji. Alikuja na nyuzi za pamba na sindano yake ya kufumia, na haukupita mwezi sebule yangu ikavaa. Televisheni ikapata kitambaa. Friji, redio, migongo ya makochi, meza, mpaka mtungi wa gesi ukapata sketi yenye malinda. Vyote alivifua, akavitia wanga, akavipiga pasi mpaka vikasimama. Majirani walikuja kuvitazama, na yeye alikaa kwenye kochi kama bibi harusi akipokea sifa. Nilifurahi. Nikamtania, "Mama, umevisha nyumba nzima, begi lako tu ndilo liko uchi."

Hakucheka. "Begi linaondoka," akasema. "Kitambaa ni cha kitu kilichopata mahali pake."

Ikafika mwezi wa Rozari, na zamu ya jumuiya ikaangukia kwetu. Sisi Wakatoliki wa mtaa tunasali nyumba kwa nyumba, Jumamosi hadi Jumamosi, na mwenye nyumba huandaa. Mimi nilikuwa na zamu ya asubuhi zahanati. Mama akanipigia kifua: "Nenda kazini. Niachie mimi. Leo watajua ulikotoka."

Nilirudi alasiri, watu wameshakaa. Makochi yamejaa, mikeka imejaa, vijana wamekaa hadi barazani. Nikatoa shikamoo kwa wakubwa, nikapenya, nikapiga magoti karibu na mlango wa jikoni. Mama alikuwa amevaa vitenge vyake vya heshima, rozari mkononi, na mwenyekiti wa jumuiya, mzee mmoja mkali kidogo aliyestaafu ualimu, alikuwa amempa heshima ya kuongoza sala. Sauti yake ilikuwa imenyooka. Nilivimba kichwa. Nikainua macho ili niione sebule yangu ilivyopendeza, na ndipo nikaliona tanki.

Mama alikuwa amelipendezesha. Alitoa kile kifuniko cha kioo nyuma ya kochi, akakirudisha juu. Palipobaki nafasi ya kupitisha mipira ya pampu, akaona vumbi litaingia, akatandika nailoni ya mezani juu yake na kuikunja chini pembe zote. Juu ya nailoni akaweka kitambaa kikubwa kuliko vyote, cheupe, chenye ua katikati. Juu ya kitambaa, chombo cha maua ya plastiki na sanamu ya Bikira Maria. Na pampu ilikuwa kimya. Pampu yangu inakoroma, hilo siwezi kukataa, na mama aliona si adabu Rozari isaliwe huku kitu kinakoroma. Kwenye soketi yake alichomeka feni kwa ajili ya wageni.

Samaki wote walikuwa wamebanana kona moja, juu kabisa, midomo imegusa maji ya mwisho. Mashavu yanakwenda mbio. Yule kitatange wangu wa manjano, mkubwa wao, aliyekuwa nami tangu mwanzo, alikuwa ameanza kulala ubavu.

Ningefanya nini? Tulikuwa tendo la pili la Rozari. Mama anaongoza, watu wanaitikia, na juu ya tanki amesimama Bikira Maria mwenyewe. Nikinyanyuka, namvunja mama mbele ya jumuiya nzima, siku ambayo kwa mara ya kwanza tangu afike alijiona ana kazi ndani ya nyumba yangu. Nisiponyanyuka, wanakufa mbele ya macho yangu. Nikaitikia Salamu Maria moja, nikaitikia nyingine. Kitatange akageuka tumbo.

Nikanyanyuka. Kwanza nilimpa sanamu mama mmoja aliyekuwa karibu, akaipokea kwa mikono miwili huku macho yamemtoka. Maua nikayaweka chini. Kitambaa nikakikunja, nailoni nikaivuta, kioo nikakitoa. Nikang'oa feni na kuchomeka pampu, ikaanza kukoroma. Sikuridhika. Nikaingia jikoni nikachukua jagi, nikachota maji tankini na kuyamimina tena kutoka juu, yaanguke kwa kishindo, yabebe hewa yashuke nayo. Nikachota, nikamimina. Nikachota, nikamimina.

Sala ilikuwa imesimama. Mwenyekiti akakohoa. "Mama, kulikoni? Si ungesubiri tumalize?"

"Wanakufa, mzee wangu," nikasema bila kugeuka. "Nyie endeleeni tu. Mie naitikia huku huku."

Halafu nikasikia sauti ya mama ikiendelea pale pale ilipoishia, ila sasa ilikuwa ndogo. Watu wakaitikia, nami nikaitikia, jagi likipanda na kushuka. Mikono iliniuma mpaka mabegani na gauni langu la kazi likalowa lote chumvi. Kabla ya tendo la mwisho, kitatange aliinuka, akayumba, akajinyoosha. Wenzake wakaanza kushuka kutoka kona ile mmoja mmoja. Nilitazama mashavu yao mpaka nikaona yamepoa, na nikalia palepale mbele ya jumuiya, kwa furaha na kwa kiburi pia. Hakufa hata mmoja. Nitalisema hilo mpaka nizeeke.

Watu walikunywa soda, wakasifu vitumbua, wakaondoka. Mama alikusanya vitambaa vyake vyote, cha televisheni, cha friji, cha redio, akavikunja kimoja kimoja kwa utaratibu.

Kesho yake tulipotoka kanisani nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, begi limesimama mlangoni.

"Nikatieni tiketi," akasema. "Nimekuja kwa mwanangu, nimeua samaki wake."

"Mama, hawajafa."

"Wamekosa kufa tu. Mimi nilikuwa napendezesha. Kumbe naziba." Akatazama mikono yake. "Huku hata nikifanya vizuri, nafanya vibaya."

Roho iliniuma. Nilikuwa na maneno mengi ya kumbembeleza, lakini mama yangu akibembelezwa anaona anadharauliwa, na mimi ni wa tabia hiyohiyo. Kwa hiyo nikamshika mkono nikampeleka mbele ya tanki, nikamwambia kama ninavyowaambia wazazi wa watoto zahanati: tazama hapa, shavu likifunguka hivi ni salama, likienda hivi ni hatari. Nikamwonyesha uso wa maji unavyotetemeka pampu ikifanya kazi. Nikamwambia hapa juu ndipo mlango wa hewa ulipo, na mlango huo haufungwi, ingawa mmoja aliwahi kuruka kupitia hapo akafa.

Alitazama muda mrefu. Alikuwa ameinama, pua karibu iguse kioo.

"Kama togwa," akasema mwishoni.

"Vipi?"

"Togwa linapochacha huwezi kuliziba kwa kifuniko cha kubana. Lazima lipate pa kupumulia. Lakini pia huliachi wazi, litaingia mdudu. Unafunika kwa kitu chepesi." Kisha akauliza, na sauti yake iliyonyooka ya jana ilikuwa imeanza kurudi, "Yule uliyesema aliruka, alikuwa na unene gani?"

Nikamwonyesha kidole changu kidogo.

"Basi matundu yawe madogo kuliko hapo. Nitakufumia."

Nikataka kupiga kelele, lakini nikajikaza. Nikamwambia uzi wa pamba hautafaa, utanyonya maji, utalegea uingie ndani, na chumvi itatiririka sakafuni. Akafikiri. "Mnavulia nini samaki wenu huku pwani, si mshipi?" Alikuwa na maana ya ule uzi wa nailoni wa kuvulia, mweupe, usioonekana majini. Mume wangu alikuwa mlangoni anasikiliza. Hakulalamika hata neno moja. Alichukua funguo akaenda Kunduchi, akarudi na kibunda cha mshipi, na ndiyo safari pekee ya tanki aliyokwenda kimya.

Mshipi si uzi. Unateleza, unajikunja, unakata vidole. Mama alifuma akafumua, akafuma akafumua, akatukana kwa Kimatengo, lugha ya kwao, akidhani sijui maana yake. Alijifunga bandeji vidoleni, bandeji zangu za zahanati, na kila nikimwambia apumzike aliniuliza kama samaki nao wamepumzika kupumua. Baba watoto akatengeneza fremu ya bomba la plastiki ya kukaa sawasawa na mdomo wa tanki. Mama akaufunga ufumi wake kwenye fremu, akaukaza kila upande mpaka ukalia kama ngoma alipougonga kwa ukucha. Katikati aliweka ua. Nilimwambia ua halina kazi. Akaniambia nishike mambo ya hewa, mambo ya kufuma nimwachie yeye.

Tulikiweka kifuniko Jumapili moja mchana, joto limeshika kweli, bati linalia. Nikavuta kiti, nikakaa kutazama mashavu. Mama akavuta cha kwake. Ikafika alasiri, saa ile ambayo kioo kilikuwa kinaniletea msiba, na samaki walikuwa wanazunguka zao, mashavu yanakwenda taratibu, hewa inapita juu ya maji kama hakuna kitu. Na sijui kama nitaaminika, lakini kasamaki kamoja ka bluu kakashtuliwa na mwenzake, kakaruka, kakagonga ufumi wa mama kwa mgongo, kakarudi majini salama.

Mama alipiga vigelegele. Mwanamke ambaye alimalizia Rozari akinong'ona kwa aibu, alisimama katikati ya sebule yangu akapiga vigelegele mpaka jirani wa ukuta wa pili akauliza nani anaolewa.

Tangu hapo tanki si langu peke yangu. Nikirudi kazini napewa taarifa kama ninavyopokea zamu: leo umeme ulikatika, nikachota kwa jagi, leo kitatange amekula vizuri, leo yule mwenye mistari ana hasira. Wanajumuiya waliporudi, mama aliwapanga mbele ya kioo na kuwaeleza kwa nini pampu haitazimwa hata kama inakoroma. Mwenyekiti alisikiliza hotuba yote, halafu akasema, "Kumbe siku ile nilitaka kuwaua mie," na mama akamjibu kwamba amesamehewa. Vitambaa vilirudi vyote, kwenye televisheni, friji, redio na mtungi wa gesi. Hata rafiki zangu wawili wa Tabata na Msasani wenye matanki walikuja kuomba vifuniko, na mama aliwaambia wasubiri, ana kazi nyingi.

Sikumuuliza tena habari ya kubaki. Niliogopa jibu.

Juzi niliingia chumbani kwake kuchukua shuka za kufua. Nguo zake zilikuwa zimetundikwa kabatini, na sikujua tangu lini. Begi lilikuwa palepale mguuni pa kitanda, limelazwa, na juu yake ameweka vibunda vya mshipi, miwani na Biblia. Chini ya vitu hivyo, kimenyooka kwa wanga na pembe zake zimelingana, kulikuwa na kitambaa.